Injini Inayochemsha: Kutambua Chanzo na Kukiondoa



Katika wilaya yetu ya Same hakuna lori lifanyalo kazi nyepesi. Kutoka mjini Same, kimo cha takriban meta 860 juu ya usawa wa bahari, gari hupanda kuelekea Mbaga, Mamba au Chome kwa barabara za kona na miteremko mikali. Lile lipitalo Kisiwani kwenda Maore na Ndungu halipandi sana, lakini hukabiliana na joto la tambarare na vumbi jingi. Ndiyo maana malalamiko yanayosikika mara kwa mara katika ofisi za vyama vyetu ni haya mafupi: "Gari limechemsha."

Maneno hayo mawili yanaweza kumaanisha hasara ndogo ya saa moja, au hasara kubwa ya msimu mzima. Tangawizi mbichi iliyolala njiani juani hupungua uzito na huanza kuoza. Kahawa ikichelewa mnadani, malipo ya mkulima huchelewa pia. Na injini iliyoungua huweza kumeza fedha ambazo wanachama walizitarajia kuwa ziada yao. Kwa hiyo si vema katibu aseme kwamba mambo ya injini ni ya dereva na fundi peke yao. Yeye ndiye aandikaye hati ya malipo. Hapana budi ajue analipia nini, na kwa sababu gani.

Makala haya yanaeleza jinsi maji yanavyopoza injini, namna ya kutambua kasoro iliyopo, hatua za kuchukua njiani, na kumbukumbu zinazopaswa kuwekwa ofisini.

1. JINSI INJINI INAVYOPOZWA

Mafuta yanapoungua ndani ya silinda hutoa joto kali. Kama theluthi moja tu ya joto hilo ndiyo ifanyayo kazi ya kuzungusha magurudumu. Sehemu nyingine, inayokaribia kiasi hicho hicho, hutoka kwa bomba la moshi. Joto linalosalia lazima liondolewe na maji na hewa, la sivyo vyuma vitapanuka kupita kiasi, oili itapoteza utelezi wake, na injini itakwama.

Wananchi wa Upare hawahitaji mfano wa mbali ili waelewe mpango huu. Wazee wetu walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya milimani, ambamo maji ya kijito hukusanywa usiku; asubuhi lango hufunguliwa, maji yakashuka kwa mfereji hadi mashambani kwa zamu. Injini nayo ina mpango kama huo, isipokuwa maji yake hayaishii shambani bali huzunguka na kurudi yalikotoka. Rejeta ndiyo ndiva. Mipira ya maji ndiyo mifereji. Themostati ndiyo lango: hufunga injini ikiwa baridi, na hufunguka injini ikipata moto wa kutosha, aghalabu kuanzia nyuzi 82 hadi 88. Pampu ya maji, inayozungushwa na mkanda, ndiyo nguvu inayoyasukuma. Feni huvuta hewa ipite katikati ya mapezi ya rejeta, ichukue joto na kulitupa nje.

Rejeta za namna hii, zenye vijia vingi vyembamba mfano wa sega la nyuki, zilianza kutumika Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, pale Wilhelm Maybach alipounda gari la Mercedes la mwaka 1901. Siri yake ni wembamba wa vijia hivyo: hewa nyingi hugusa maji machache kwa wakati mmoja. Lakini wembamba huo huo ndio udhaifu wake, kwa kuwa njia nyembamba huzibwa upesi na uchafu.

Mkulima akikosa maji shambani hakimbilii kuvunja ndiva. Huufuata mfereji kutoka chini kwenda juu, akitazama wapi pamebomoka na wapi pamezibwa. Nasi tufanye vivyo hivyo kabla ya kununua kipuri chochote.

2. MFUNIKO WA REJETA NA KIMO CHA MLIMA

Kipo kipande kimoja kidogo ambacho wengi hukidharau, nacho ni mfuniko wa rejeta. Kazi yake si kuziba tundu tu. Ndani yake mna springi na mpira unaozuia mvuke usitoke mpaka shindikizo lifikie kiasi kilichopigwa chapa juu ya mfuniko wenyewe, mathalan 0.9 au 1.1.

Maji katika sufuria wazi huchemka kwa nyuzi 100 yakiwa pwani. Kadiri tunavyopanda ndivyo yanavyochemka kwa joto dogo zaidi, kama nyuzi moja pungufu kwa kila meta 300. Hapa Same mjini huchemka karibu na nyuzi 97. Kwenye kimo cha meta 1,500 huchemka karibu na nyuzi 95. Maana yake ni kwamba lori likipanda mlima lina injini inayozidi kupata moto, ilhali maji yake yanazidi kuwa mepesi kuchemka. Mfuniko ulio mzima huondoa hatari hiyo kwa kuyabana maji, hata yasichemke mpaka yapite nyuzi 115. Mfuniko mbovu, au kitambaa na kopo walivyozoea kufungia baadhi ya madereva, huliacha gari likiwa kama sufuria wazi.

Nitatoa mfano mmoja. Chama kimoja cha milimani, ambacho sitakitaja jina, kilikuwa na lori lililochemsha kila lilipopanda. Nilipokagua vitabu vyake niliona kwamba katika msimu mmoja rejeta ilizibuliwa mara mbili na pampu ya maji ikabadilishwa, hati zote zikiwa na saini halali. Hata hivyo lori liliendelea kuchemsha. Hatimaye fundi mmoja mtu mzima aliuliza swali ambalo hakuna aliyeuliza kabla yake: "Linachemsha wapi, na lini?" Akajibiwa: mlimani tu, kamwe si tambarare, na kila mara chupa ya akiba hujaa na kumwagika. Aliminya mpira wa juu injini ikiwa na moto, akaukuta laini kama usio na shindikizo. Akautazama mfuniko: mpira wake wa ndani ulikuwa umekauka na kupasuka.

Chanzo kilikuwa hicho. Maji yalitoka kwa sababu ya mfuniko. Dereva akajazia maji ya kisima cha njiani yenye chumvi. Chumvi ikaganda ndani ya rejeta. Rejeta ikazibuliwa, kisha ikaziba tena. Bei ya mfuniko ilikuwa ndogo kuliko mafuta ya safari moja. Chama hakikuibiwa, wala fundi wa kwanza hakufanya kazi mbovu. Kilichokosekana ni kuuliza kabla ya kulipa.

3. DALILI NA MAANA ZAKE

Swali la fundi yule ndilo mwanzo wa uchunguzi wote. Katibu na dereva wakae pamoja, wajibu: gari linachemsha katika hali gani?

(a) Linachemsha likiwa limesimama au likienda polepole, lakini hupoa likikimbia barabara kuu. Hapa hewa ndiyo haba. Gari likikimbia, upepo wa mwendo huisaidia feni. Likisimama, feni hubaki peke yake. Tazama kama feni inazunguka kwa nguvu. Ikiwa ni ya umeme, angalia fyuzi na waya zake. Tazama pia kama mapezi ya rejeta yamezibwa na vumbi, wadudu au majani makavu.

(b) Linachemsha likikimbia au likipanda na mzigo, lakini mjini ni salama. Hapa mara nyingi maji hayazunguki ya kutosha: rejeta imeziba kwa ndani, mkanda unateleza, au pampu imechoka. Ikiwa chupa ya akiba humwagika kama katika mfano wetu, anza na mfuniko.

(c) Linachemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa. Gusa kwa uangalifu mpira wa juu na wa chini, mkono ukiwa mbali na feni. Ikiwa injini ina moto mkali lakini mpira uendao kwenye rejeta bado ni baridi, yaelekea themostati imekwama ikiwa imefunga.

(d) Maji hupungua. Tafuta uvujaji kwenye maungio ya mipira, chini ya rejeta, na chini ya pampu, ambapo kuna tundu dogo linalotoa maji pindi sili ya ndani inapokwisha. Uvujaji mdogo huacha alama ya chumvi nyeupe au kutu. Tandika karatasi au boksi chini ya gari usiku. Asubuhi litakuonyesha tone linaangukia wapi.

(e) Maji hupungua lakini hayaonekani yanakovujia. Hapo shuku gasketi ya silinda hedi. Dalili zake ni mapovu yanayotoka mfululizo kwenye rejeta injini ikinguruma, moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto, mipira kuwa migumu mara tu baada ya kuwasha, au oili kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Ukiona oili ya namna hiyo usiliwashe gari tena hata kwa safari fupi, kwani maji hayawezi kulainisha vyuma.

(f) Mshale wa joto ulipanda, kisha ukashuka ghafla ingawa mvuke unatoka. Dereva asifurahi. Mara nyingi maana yake ni kwamba maji yamekwisha kabisa na kipimo hakigusi tena maji. Hiyo ni hatari kubwa kuliko mshale uliopanda.

Yapo pia mambo yanayoongeza joto ingawa mfumo wa maji ni mzima: mzigo uliopita kiasi, breki zinazoshika wakati gari linakwenda, oili pungufu, na pampu ya dizeli isiyotegeshwa sawasawa. Lori linalobeba tani mbili zaidi ya uwezo wake halina haja ya fundi. Linahitaji mtu wa kukataa mzigo.

4. LINAPOCHEMSHA NJIANI

Dereva asingoje mvuke. Mshale ukianza kupita mahali ulipozoea kukaa, apunguze mwendo, ateremshe gia ili injini isilemewe, azime kiyoyozi ikiwa kipo, na afungue hita kwa moto wa juu. Hita ni rejeta ndogo. Huondoa sehemu ya joto ingawa huwasumbua waliomo ndani.

Ikiwa mshale hauteremki, atafute mahali pa usalama, aweke breki ya mkono, azuie magurudumu kwa vigingi au mawe, na kuweka alama za tahadhari. Akiondoka aondoe mawe yake barabarani, maana jiwe lililoachwa kwenye kona huweza kumwua mwenziwe wa nyuma. Kama maji bado yamo na hakuna mvuke, injini iachwe ingurume kwa dakika mbili au tatu ili feni na pampu ziendelee kupoza. Lakini kama maji yametoka, mvuke unafoka, au taa ya oili imewaka, izimwe mara moja.

Kisha mambo matatu yasifanyike kamwe.

Kwanza, mfuniko usifunguliwe injini ikiwa na moto. Maji yaliyobanwa yakiwa na nyuzi 110 hugeuka mvuke papo hapo yanapopata nafasi, na humrukia mtu usoni na kifuani. Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu uweze kushikwa kwa mkono bila kuchoma. Halafu funika mfuniko kwa kitambaa kinene, uuzungushe hadi kituo cha kwanza, uache mvuke uishe, ndipo uufungue.

Pili, maji baridi yasimiminwe ndani ya injini kavu yenye moto mkali. Chuma kilichopata moto kikipozwa ghafla hupinda au hupasuka. Injini ikishapoa, yatiwe maji kidogo kidogo huku ikinguruma taratibu.

Tatu, dereva asiteremke mlima kwa kuondoa gia au kuzima injini ili eti ipate kupoa. Katika miteremko ya Upare, gari lisilo na gia hutegemea breki pekee. Breki zikipata moto hupoteza nguvu. Ni afadhali kulala njiani na mzigo kuliko kufika bondeni bila breki.

5. MATENGENEZO

Mkanda. Ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Katika magari mengi yenye mkanda wa kukazwa kwa mkono unatakiwa kuingia takriban sentimeta moja. Ukiwa na nyufa au mng'aro, ubadilishwe. Mkanda wa akiba uwe ndani ya gari daima.

Rejeta kwa nje. Ioshwe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu urudi ulikoingilia. Magari yapitayo kwenye vumbi la Makanya na Hedaru wakati wa kiangazi yafanyiwe hivi kila juma. Pale penye rejeta mbili zilizofuatana, watenganishe kidogo watazame katikati, kwani ndipo takataka hujificha.

Maji. Upande wa magharibi wa milima yetu hupata mvua chache, na maji ya visima vingi vya tambarare yana chumvi. Maji hayo yakichemka kila siku huacha ukoko kama ule uonekanao ndani ya birika. Heri kukinga maji safi ya mvua au kununua yaliyochujwa chumvi, na kuyachanganya na dawa ya rejeta, yaani kulanti, nusu kwa nusu au kama alivyoagiza mtengenezaji. Hapa kwetu maji hayagandi kwa baridi, lakini dawa hiyo huzuia kutu na huongeza joto la kuchemkia. Kulanti za aina mbili zisichanganywe. Nayo iwekwe mbali na watoto na mifugo, kwani ni sumu yenye ladha tamu.

Themostati. Ichovye ndani ya sufuria ya maji na kipimajoto, yapashe moto, utazame inapoanza kufunguka. Isipofunguka, itupwe. Wapo mafundi wanaoitoa moja kwa moja wakisema nchi yetu ni ya joto. Huo si ushauri mwema. Injini isiyopata moto wake hula mafuta mengi na kuchakaa upesi. Tena katika injini kadhaa, themostati ikiondolewa, sehemu ya maji hupita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, na gari huzidi kuchemsha.

Uvujaji. Yai au pilipili manga humiminwa na wengine ili kuziba tundu. Inawezekana gari likafika nyumbani, lakini vitu hivyo huziba pia vijia vizima. Vikitumika kwa dharura, mfumo wote uoshwe mara tu gari lifikapo.

Gasketi ya hedi. Hii ni kazi ya fundi mwenye vifaa kamili. Katibu ahakikishe mambo matatu kabla ya kulipa: kwamba uso wa hedi umepimwa kwa rula iliyonyooka, na kuchongwa kama umepinda, kwamba bolti zimekazwa kwa spana ya kupimia nguvu na kwa mpangilio wa kitabu, na kwamba chanzo cha kuchemsha kwa mara ya kwanza kimepatikana. Gasketi mara nyingi huungua kwa sababu ya kasoro nyingine. Ukibadilisha gasketi ukaacha mfuniko mbovu, utabadilisha gasketi tena.

6. KAZI YA KATIBU NA BODI

Gari la chama liwe na daftari lake. Kila siku dereva aandike tarehe, kilometa, safari, uzito wa mzigo, mafuta, oili, na kiasi cha maji kilichoongezwa. Safu hii ya mwisho ndiyo inayosahauliwa, nayo ndiyo yenye habari nyingi. Mfumo wa maji ni wa kufunga. Gari zima halinywi maji kila siku. Ukiona maji yameongezwa mara tatu katika juma moja, lisimamishe gari likaguliwe, hata kama halijachemsha bado.

Asubuhi, kabla ya kuwasha, dereva akague maji, oili, mkanda, mipira na chini ya gari. Kazi hii haizidi dakika kumi.

Fundi akiomba kipuri, aandike dalili aliyoiona, jaribio alilofanya, na sababu ya kukihitaji. Kipuri kibovu kirudishwe stoo, kipewe kibandiko chenye tarehe, na kisitupwe mpaka ukaguzi upite. Mkaguzi akikuta hati tatu za rejeta moja bila maelezo, hana budi kuuliza. Na katibu mwaminifu asiye na maelezo hufanana na yule asiye mwaminifu.

Mwisho, bodi isimlaumu dereva aliyesimamisha gari mshale ulipopanda, hata kama mzigo ulichelewa. Dereva anayeogopa kukaripiwa ataendelea kupanda mlima akitumaini kufika, na hapo ndipo injini huungua. Uwekwe uamuzi katika kumbukumbu za kikao kwamba dereva ana mamlaka ya kusimama, na usomwe mbele ya dereva mwenyewe. Ni jambo la kujadiliwa katika kikao kijacho cha kila chama chenye gari, kabla msimu wa mazao haujafika.